Ili Uhai Usijirudie

Serikali ilitangaza kwamba haitalifumbia macho suala la uhai.

Tangazo lilisomwa Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, mbele ya vipaza sauti sita, vinne kati yavyo vikifanya kazi. Mheshimiwa Waziri alilisoma mwenyewe, maana jambo lilikuwa zito na msemaji wake alikuwa na mafua.

"Uhai umetokea," alisema, akatua kidogo ili waandishi wa habari waandike. "Umetokea bila kibali, bila tathmini, na bila kuwashirikisha wadau. Kwa mamlaka niliyopewa nimeunda Tume ya watu saba. Tume itabaini chanzo cha uhai, itabaini wahusika wote, itapima madhara yaliyotokea, na itapendekeza hatua za kuhakikisha tukio la aina hii halijirudii tena. Mwenyekiti wa Tume nimemteua mimi, na baada ya kujitafakari nimeukubali uteuzi wangu."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwamo kwenye ratiba.

Daktari Tope aliisikia taarifa hiyo akiwa maabara, ameinama juu ya hadubini, redio ikikoroma juu ya jokofu.

"Mzee," alimwita fundi wa maabara, "wamesema uhai?"

"Nimesikia uhai. Labda walikusudia uhaini, karatasi ikakatika."

"Uhaini ungekuwa na wahusika."

"Na huu si wamesema unao?"

Daktari akavuta kigoda, akaketi. Mwili ulikuwa umeshajua jambo ambalo akili ilikuwa bado inalipigia hesabu.

Kwenye vyeti vyake Daktari ana jina refu na zuri, lakini limekaa huko kwenye vyeti siku nyingi bila kutumika. Kazini, mtaani, hata kwa wakwe zake, yeye ni Daktari Tope, kwa sababu sehemu kubwa ya ajira yake ameitumia kupika tope. Alipokuwa mdogo aliuliza swali: kama mimi nimetoka kwa mama, na mama katoka kwa bibi, wa kwanza katoka wapi? Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, alimwambia akamuulize mwalimu. Mwalimu akasema asubiri sekondari. Sekondari wakasema hayo ni mambo ya chuo kikuu. Chuo kikuu wakasema swali zuri sana hilo, kwa nini usilishughulikie wewe? Ndivyo alivyopata kazi. Simjui mwingine aliyefika mbali hivyo kwa kufukuzwa kwenye kila mlango.

Miaka minane ya kwanza alipiga radi ndogondogo ndani ya chupa. Alipata harufu, alipata maji ya kahawia, na mara moja alipata moto, uliokula pazia na nyusi za mkuu wa idara. Baada ya hapo akaachana na radi, akahamia kwenye tope. Aliweka sinia sita za bati, ndani yake tope, chumvi na mafuta mepesi. Juu yake taa ya joto, na juu ya taa chupa ya dripu ambayo fundi aliiomba hospitali akidai ana mgonjwa asiyeweza kuhamishwa. Kila baada ya saa sita dripu inadondosha maji, tope linalowa, kisha taa inalikausha. Linalowa, linakauka. Hivyo kwa miaka kumi na tisa, sikukuu hadi sikukuu, na hakuna kilichotokea isipokuwa viputo vidogo vya mafuta visivyoonekana kwa macho, ambavyo vilijikunja, vikakaa, vikapasuka.

Mpaka mwaka huu. Asubuhi moja kiputo kimoja kilinenepa, kikajibana kiunoni, kikawa viwili. Viwili vikawa vinne. Daktari alikaa kwenye hadubini mpaka shingo ikagoma, na alipoinuka alimkumbatia fundi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kazini kwao na ambalo wote wawili, bila kusema neno, walikubaliana kulisahau.

"Ndiyo uhai huo?" fundi aliuliza, akijiweka sawa koti.

"Bado, mzee. Hii ni hodi tu."

Sasa viputo vilikuwa vimefika kizazi cha saba, na Daktari alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Akistaafu, chumba kinakwenda kwa Kitengo cha Itifaki, wanaohitaji mahali pakavu pa kuhifadhia mazulia mekundu. Sinia zikikosa maji siku moja tu, basi. Viputo vinapasuka vyote na hakuna awezaye kuvirudisha, hata yeye. Ndiyo maana alipiga moyo konde akaandika wizarani kuomba aachiwe chumba. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, yenye adabu, na kichwa chake kilisema: Yah: Chanzo cha Uhai.

Saa tano simu ililia. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, karani wa masijala pale wizarani.

"Dada, umesikia redio?"

"Nimesikia. Barua yangu ilifikaje kuundiwa Tume?"

"Nilikupelekea mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

"Uliipeleka wapi, mdogo wangu?"

"Kwenye Chanzo. Humu kwetu majalada yanapangwa kwa neno la kwanza. Kuna chanzo cha moto sokoni, chanzo cha kuanguka ukuta wa shule, chanzo cha kuvuja paa la ukumbi. Ya chanzo yote yanakwenda Kitengo cha Matukio na Majanga."

"Hukuona kwamba uhai si janga?"

"Dada, mimi napokea, nagonga muhuri, napeleka. Kusoma kuna watu wake."

Daktari alitaka kukasirika akashindwa. Huyu ndiye mdogo aliyembeba yeye mwenyewe mgongoni. Na kusema kweli, kwa utaratibu wa majalada, karani hakuwa amekosea hata nukta.

Tume ilifika Jumatano kwa magari saba, kila mjumbe na lake, ili mawazo yao yasiathiriane njiani. Mheshimiwa Waziri, ambaye sasa ni Mwenyekiti, alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeagiza chakula akiwa hana haraka. Kabla ya hii alishaongoza Tume ya Ukuta na Tume ya Paa. Ukuta haukusimama na paa bado linavuja, lakini taarifa zake zilikuwa na majalada magumu. Kando yake alitembea Katibu wa Tume, mwembamba, begi kwapani, mtu aliyependa fomu kama wengine wanavyopenda wajukuu.

"Hii nini?" aliuliza Mheshimiwa, mikono nyuma.

"Tope, Mheshimiwa."

"Linafanya nini?"

"Linajaribu kurudia yale yaliyotokea mwanzoni, uhai ulipoanza."

Kalamu ya Katibu ilisimama. "Linajaribu kurudia?"

"Ndiyo."

"Wakati Tume imeundwa kuhakikisha halijirudii?"

Fundi alimtazama Daktari, Daktari akamtazama fundi. Dakika tano baadaye maabara ilizungushiwa utepe wa njano ulioandikwa ENEO LA TUKIO, na Daktari Tope akatajwa kuwa mtuhumiwa namba moja. Namba mbili hakuwepo, lakini Katibu alimwachia nafasi kwenye karatasi.

Mahojiano yalifanyika kesho yake, kwenye ukumbi ule unaovuja, ndoo mbili zikiwa mezani kati ya mtuhumiwa na Tume.

"Siku ya tukio ulikuwa wapi?" Katibu alianza.

"Tukio lina kama miaka bilioni nne."

"Sijakuuliza umri wa tukio."

"Nilikuwa sijazaliwa."

"Una shahidi?"

"Labda mama yangu, lakini naye alikuwa hajazaliwa."

Katibu alimgeukia Mwenyekiti na kumnong'oneza kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia, "Familia nzima haikuwepo. Inatia shaka."

"Daktari," Mheshimiwa alisema kwa upole, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Tutajie wahusika, uende nyumbani ukapumzike."

Daktari aliona hapa pana nafasi ya kueleweka. Watu wote wanaopenda kazi yao wana ugonjwa huu: ukiwauliza swali, hata la kipumbavu, hufurahi. Akavuta pumzi, akaeleza. Uhai haukuletwa na mtu. Palikuwa na maji. Palikuwa na joto. Palikuwa na chumvi na mafuta kidogo, na juu ya yote palikuwa na muda, muda mwingi mno. Hivyo vitu vikakutana, vikaachana, vikakutana tena, mara nyingi kupita kuhesabika, mpaka siku moja kitu kikajishika chenyewe kikakataa kusambaratika. Aliposema hivyo macho yalimlowa, kwa sababu kwake hilo ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyajua.

"Taratibu," alisema Katibu. "Maji, Joto, Chumvi, Mafuta, Muda. Watano. Wanajuana kwa muda gani?"

Hati za wito zilitoka jioni hiyo hiyo. Mamlaka ya Maji ilijibu kwamba Maji hajaonekana mitaani tangu mwezi uliopita, na Tume ikimpata iwajulishe, maana hata wao wanamtafuta. Joto alihudhuria bila kuitwa, akakaa na wajumbe kutwa nzima, kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Muda hakufika kwa wakati. Wodi ya wazazi, ambayo ilidaiwa kuendeleza tukio hadharani, mchana na usiku, iliandikiwa barua ya kujieleza, na muuguzi mkuu akajibu kwa mstari mmoja kwamba ana kazi.

Kikao cha pili ndicho kilichobadilisha mambo, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua.

"Daktari," aliuliza Katibu, "je, wewe binafsi una maslahi yoyote katika uhai?"

"Ninayo," alijibu Daktari. "Naupenda sana. Ninyi je?"

Hakuwa anatega mtu. Aliuliza kama anavyouliza fundi kama taa imezimwa. Tone lilianguka ndani ya ndoo. Katibu alifungua begi taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni, mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalochunguzwa hawezi kukaa kwenye Tume. Tulipaswa kusaini tamko siku ya kwanza. Fomu ninazo."

"Basi tusaini," alisema Mheshimiwa. "Na waandishi waitwe. Wananchi waone uadilifu."

Fomu ilikuwa ile ile iliyotumika kwenye Tume ya Ukuta na Tume ya Paa, yenye pengo moja la kujaza jina la kinachochunguzwa. Katibu alijaza mapengo saba kwa mwandiko mzuri, kisha akasoma: Mimi niliyetia saini hapa chini, nikiwa na akili timamu, natamka kwamba sina, sijawahi kuwa na, wala sitarajii kuwa na hisa, uhusiano au maslahi ya aina yoyote katika UHAI, na kwamba shughuli zangu zote nazifanya bila kuutegemea.

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akifuma kitambaa chini ya meza tangu siku ya kwanza, aliinua kichwa. "Samahani jamani. Si sisi tuko hai?"

"Mama," alisema Mheshimiwa, "hapa hatuko kwa nafasi zetu binafsi."

Wakasaini wote saba, Mheshimiwa mara mbili, kwa kuwa kamera ya kwanza ilikuwa imefungwa kifuniko. Muhuri ukagongwa. Katibu akaagiza nakala zipelekwe ofisi tisa, kwa taarifa na utekelezaji. Hakuzichagua, ofisi tisa ndizo zilizokuwa nyuma ya fomu, na Katibu hajawahi katika maisha yake kuacha kisanduku bila alama.

Taarifa ya awali ya Tume ilitoka siku tano baadaye, jalada gumu, herufi za dhahabu. Ilipendekeza kwamba uhai usitokee tena bila kibali cha maandishi. Ilipendekeza maabara ifungwe kwa kufuli na sinia ziachwe zikauke, ili ushahidi usiendelee kuongezeka. Katika ukurasa wa mwisho, kwa kuwa sheria inaitaka kila Tume imtaje mtaalamu, na kwa kuwa katika nchi nzima hakupatikana mwingine, ilimtambua mtuhumiwa namba moja kuwa ndiye mtu pekee mwenye sifa ya kuthibitisha kama kitu kina uhai au hakina.

Kufuli liliwekwa Jumanne. Mpaka siku hiyo fundi alikuwa akipita chini ya utepe wa njano kila asubuhi, magoti yakimlalamikia, akajaza dripu na kutoka. Kufuli halina chini. Walisimama wawili kwenye kioo cha mlango, wakitazama chupa.

"Imebaki robo," alisema fundi. "Nimepiga hesabu. Itafika Alhamisi saa sita mchana."

"Halafu?"

"Halafu unajua wewe, Daktari."

Alijua. Aliketi kwenye benchi la korido akalia, si kwa kujificha, huku watu wa idara nyingine wakipita na mafaili yao. Hakulilia jina wala kazi. Alililia kile kizazi cha saba, viputo visivyo na akili wala macho, ambavyo vilikuwa vimebisha hodi baada ya miaka kumi na tisa na sasa mwenyeji amefungiwa nje. Fundi alikaa karibu naye. Baadaye akamletea chai, akasahau sukari, na Daktari akainywa hivyo hivyo.

Jumatano ilikuwa siku ya uhakiki.

Kila nchi yenye ofisi nyingi ina ugonjwa wa watumishi hewa, yaani wale wenye jina, cheo na kiti lakini ambao, ukiwatafuta, hawapo duniani. Kitengo cha Uhakiki kazi yake ni kuwasaka na kuwafuta. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa ngumu, maana hakuna mtumishi hewa aliyewahi kujitokeza kukiri. Sasa mezani kwao, kwa kuwa nao ni moja ya zile ofisi tisa, zikatua nakala saba za fomu ya Tume, zimesainiwa, zimegongwa muhuri wa wizara, za watu wanaotamka wenyewe kwamba hawana uhai, hawajawahi kuwa nao, na kazi zao wanazifanya bila kuutegemea. Mkuu wa Kitengo alizisoma mara tatu. Inasemekana alilia kwa furaha.

Kabla ya saa nane mchana Mheshimiwa alikuwa amesimama kwenye geti la wizara yake mwenyewe, kadi yake ikikataa, dereva akiwa ameitwa kurudisha gari.

"Kijana, hunifahamu?" alimuuliza mlinzi.

"Nakufahamu, Mheshimiwa. Hata picha yako iko pale ukutani."

"Basi fungua."

Mlinzi alishusha kidole kwenye orodha, polepole, kama anasoma barua ya mchumba. "Hapa umeandikwa hewa. Nina maelekezo ya watu na ya magari. Ya hewa sijapewa."

"Nitampigia Waziri."

"Waziri ni wewe, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Sasa nitajipigiaje?"

Mlinzi, ambaye alikuwa mtu wa huruma, alimpa kiti cha plastiki. Wakafuatia wajumbe mmoja mmoja, na mwisho Katibu, begi kwapani, ambaye alisoma tangazo la Kitengo cha Uhakiki lililobandikwa getini na, hata katika msiba ule, akatikisa kichwa kwa kuridhika jinsi lilivyopangwa vizuri. Lilisema: mtumishi aliyefutwa kwa kukosa uhai anaweza kurejeshwa akileta uthibitisho wa uhai uliosainiwa na mtaalamu anayetambulika.

"Nani anatambulika?" aliuliza Mheshimiwa.

Katibu alifungua taarifa yao wenyewe, ukurasa wa mwisho, akamwonyesha kwa kidole.

Karani wa masijala alimpigia dada yake simu jioni, akicheka mpaka maneno yanakatika. "Dada, wako getini wote saba, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mkuki kwa nguruwe, dada. Mkuki kwa nguruwe."

Daktari hakuweza kucheka. Alikuwa akihesabu matone.

Alhamisi saa tano na nusu chupa ilikuwa imebaki maji ya kujaza kijiko. Daktari na fundi walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo waliposikia vishindo koridoni. Walikuwa wao, kwa miguu, mashati yamelowa jasho, Mheshimiwa mbele.

"Daktari, tuna shida ndogo ya kiutawala," alisema akihema. "Tunahitaji karatasi saba. Ni saini tu."

"Mheshimiwa, siwezi kuthibitisha kitu bila vifaa. Vifaa viko ndani."

Mheshimiwa aligeuka. "Katibu, ufunguo."

"Uko kwenye kabati langu, Mheshimiwa."

"Kaulete."

"Kabati liko ofisini. Ofisi iko ndani ya geti."

Saba wale walisimama wakilitazama kufuli. Lilikuwa kufuli zuri, jipya, lenye lakiri ya wizara, na chini ya lakiri, saini ya Mheshimiwa.

"Kisheria," Katibu alisema kwa unyonge, "hakuna mwenye mamlaka ya kulifungua."

"Kisheria," fundi alisema, akitazama dari, "hewa ikivunja kufuli, nani atashtakiwa?"

Mheshimiwa alifikiri jambo hilo kwa uzito wote. Kisha akang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akarudi hatua tatu, akapiga. Mara ya pili akapiga. Mara ya tatu kufuli likaruka likaenda kugonga ndoo ya mfagizi, na yule mama wa kitambaa akapiga kofi moja, ambalo halikuwamo kwenye ratiba yoyote.

Daktari alimpita Mheshimiwa kama hayupo. Alijaza chupa, akafungua dripu, akainama kwenye hadubini. Fundi hakuthubutu kuuliza. Koridoni watu saba walibana pumzi bila kujua kwa nini.

"Vipo," alisema Daktari. Akasema tena, taratibu, "Vipo, mzee. Kuna kimoja kinajibana kiuno sasa hivi."

Alilia tena, na safari hii fundi alipiga chafya nyingi mfululizo, akisema ni vumbi.

Baada ya hapo akanawa mikono, akawakaribisha. Viti havikutosha, basi Mheshimiwa akapewa ndoo iliyopinduliwa.

"Tuanze," alisema Daktari, akifungua daftari. "Kitu chenye uhai tunakitambua kwa mambo manne. La kwanza, kinajilisha. Mnajilisha?"

"Hilo halina ubishi," alisema fundi, akimtazama Mheshimiwa kiunoni.

"La pili, kinakua." Hilo nalo likapita kwa ushahidi ule ule. "La tatu, kinatoa kingine mfano wake."

Katibu aliinua mkono kwa fahari. "Tume yetu imezaa kamati ndogo nne, na moja kati ya hizo ina mimba ya kikosi kazi."

"Kwa hilo mmevipita viputo vyangu," alikubali Daktari, akaandika. "La nne. Kitu chenye uhai kikiguswa, kinajibu. Ukikichokoza, kinasogea. Ukikilisha mwanga, kinageuka. Sasa, Mheshimiwa, watu wakikuandikia barua, huwa unajibu?"

Dripu ikadondosha tone, likasikika.

"Kuna utaratibu wa kupokea barua," alianza Mheshimiwa.

"Sikuuliza kupokea."

"Zinashughulikiwa."

"Sikuuliza hilo pia."

Mheshimiwa alitazama viatu vyake. "Daktari, wewe si mtu mbaya. Saini tu. Ni wino."

Hapo ndipo Daktari Tope alipoweka kalamu chini, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mheshimiwa, nina miaka ishirini na saba kwenye kazi hii. Sijawahi kuandika mahali popote kwamba kitu kina uhai kabla sijauona. Hivi viputo navipenda kama watoto wangu, na bado nimeviandikia 'bado'. Siwezi kukuandikia wewe nisichoviandikia hivi."

"Sasa tufanye nini?"

"Tunaangalia. Sampuli zinawekwa mahali pamoja, zinaguswa kila siku, na kila zinapojibu naandika. Umeme usikatike, maji yasikatike, chumba kisiguswe na mtu wa mazulia mpaka uchunguzi uishe."

"Utachukua muda gani?"

"Viputo vimefika hapo kwa miaka kumi na tisa," alisema Daktari. "Lakini ninyi mmeanza vizuri, joto mnalo."

Mdogo wake aliyaleta majalada kwa mkokoteni, mchana ule ule: barua za mtaro, barua za kisima, barua ya mwalimu aliyeomba ukuta, barua zilizokuwa zimesubiri mpaka karatasi ikawa ya rangi ya chai. Watu saba wakubwa wakapanga magoti yao chini ya meza ya maabara wakaanza kujibu. Maji yalirudi mtaani kesho yake, kwani Mheshimiwa aliisoma barua ya kisima mpaka mwisho na kugundua kwamba mita mbili za bomba ndizo zilizokuwa zikingoja saini yake; akasaini, na karani, ambaye hasomi, akagonga muhuri. Mazulia mekundu yalipelekwa kwingine. Uchunguzi hauna tarehe ya mwisho, na chumba ni cha Daktari mpaka uishe, awe amestaafu au hajastaafu.

Wiki ya tatu, alasiri, kiputo cha kizazi cha tisa kiligawanyika, na Daktari alipokuwa akiandika, Mheshimiwa alisafisha koo kutoka kwenye ndoo yake.

"Daktari. Ukiniangalia hivi tu, kwa macho, huoni kama nina uhai?"

Daktari Tope alivua miwani. Alimtazama kwa makini, juu mpaka chini, kwa haki yote ya kitaaluma, muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

"Mheshimiwa, sisi kwenye kazi hii hatuendi kwa macho," alisema. "Chukua barua nyingine."